Neno la Tatu

Duka langu liko Lumumba, chini ya ngazi,
kati ya fundi saa na muuza vifungo.
Natoa kopi, napiga lamineshini,
na kwa elfu mbili nawasomea watu barua
walizoandikiwa kwa lugha ambayo hawakuulizwa.

Chilumba alikuja saa nne, bado na buti za lindo,
barua ameikunja mara nane, ndogo kama hirizi.
"Nisomee polepole," akasema. "Usiniruke."

Nikasoma. Tarehe. Mikocheni. Usiku wa tangi.
Kisha maneno matatu, yamepanga foleni:
careless, negligent, reckless,
meno ya kitana kimoja.

Nikafungua kamusi yangu, haina jalada tangu mafuriko ya Elinino.
La kwanza: -zembe.
La pili: -zembe.
La tatu: -zembe sana.
"Yaani wamenitukana tusi moja mara tatu?
Wino hawauonei huruma."

Nikacheka, kisha nikaona haya.
Mimi nami ripoti ya kidato cha pili iliniita mzembe;
hakuna aliyejua kwamba ubao nilikuwa siuoni.
Neno lile lilikaa nami miaka sita, mpaka miwani.

Basi kamusi nikaisukuma kando,
nikakishika kikombe chake cha chai.

Tazama, Chilumba.
Kikombe kimekuponyoka, ulikuwa unawaza ada ya mtoto:
hilo la kwanza. Mkono ulikuwepo, akili ilitoka kidogo.
Umeachiwa maziwa jikoni, ukaambiwa yatazame,
ukaenda kusikiliza mpira kwa jirani, yakafurika:
hilo la pili. Palikuwa na zamu, na zamu ilikuwa yako.
Lakini umeliona dumu la petroli, limevuja,
ukasema potelea mbali,
ukapita katikati na sigara inawaka:
hilo ndilo la tatu.
La kwanza halikuona. La pili lilipaswa kuona.
La tatu liliona, likapuuza.

Akanyamaza.
Akaanza kuyapima kama mtu anayechagua viatu vya mtumba,
anaingiza mguu, anatoa, anaingiza tena.

"Pampu niliwasha mimi. Nilisinzia, sikatai.
Tangi likafurika, dari ikabomokea makochi yao mapya.
Lakini andika pia: ule ulikuwa usiku wa tatu.
Mpokezi wangu hakuletwa. Nikapiga simu kampuni,
wakaniambia kaza, kaza mpaka kesho."
Akaweka kidole juu ya karatasi, kina kovu la kitasa.
"La kwanza nipe, ni saizi yangu.
La pili nitagawana na yule aliyesema kaza.
La tatu warudishie. Potelea mbali sijawahi kuisema,
hata kwa mbwa wao."

Nikaandika majibu. Umeme ukakatika katikati ya "nakanusha."
Tukangoja gizani,
jirani akiendelea kuhesabu vifungo kwa kupapasa.

Uliporudi, akauliza, macho kwenye kibodi:
"Na anayemkesheza mtu siku tatu kwa mwili mmoja,
huyo Kiingereza kinamwitaje?"

Nilikuwa na maneno mawili, labda manne.
Kila moja lilikuwa na adabu kuliko yale ya barua.
Nikageukia Kiswahili, nacho kikanijibu
ajizi, utepetevu, ugoigoi, purukushani,
ghala zima la majina ya mlinzi aliyelala.
Nikaacha nafasi, upana wa neno moja,
nikachapa hivyo hivyo.

Akalipa elfu mbili. Akaongeza mia tano.
"Hii ya kufukuzwa ipige lamineshini.
Tume ni Jumatatu,
na mvua hii haijui kusoma."